Mvua Ikinguruma, Chomoa

Kwa Jonah Chepyegon, mvua ikinguruma hakuna anayeuliza afanye nini. Jonah hukimbilia nje kuokoa mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, na mkewe Chepngeno hukimbilia ndani kuchomoa. Anachomoa redio, anachomoa televisheni, anachomoa hata pasi ambayo haijawashwa mwezi mzima. Anafunika kioo kwa leso, anamwaga maji ya beseni, kisha anaketi kwenye kigoda katikati ya sebule, mikono mapajani, anangoja. Mtu wa Nairobi atacheka. Acheke! Yeye haishi hapa Chepilat, ambako msimu wa masika mbingu hupasuka kila alasiri. Muulizeni Kemuma, yule jirani Mkisii wa ng'ambo ya barabara. Alipokea simu kukinguruma, akatupwa hadi ukutani, na sikio lile halisikii mpaka leo.

Chepngeno hakuzaliwa na kanuni hiyo. Yeye ni wa Siongiroi, kule Chepalungu, nchi ya ng'ombe na jua, ambako mvua huja kwa kubembelezwa. Jonah alimpata huko akiwa kijana wa serikali mwenye pikipiki na mtungi wa mbegu za ng'ombe wa gredi. Alikuja kupandisha ng'ombe wa baba yake Chepngeno. Ng'ombe hakushika mimba. Akarudi. Hakushika tena. Akarudi mara nyingine, na safari hiyo hata ng'ombe mwenyewe alijua si yeye anayetafutwa. Watu wa Siongiroi huicheka hadithi hiyo hadi leo, na Jonah hukasirika hadi leo.

Alipoolewa na kuletwa huku kwenye chai, radi ya kwanza ilimkuta jikoni akisikiliza redio ya mumewe, ile iliyokuwa na waya uliopitishwa dirishani hadi juu ya mti. Mama mkwe akaingia mbio, akang'oa waya kwa mkono mmoja na kumvuta bibi harusi kwa mkono wa pili. "Mvua ikinguruma, chomoa!" Hayo tu. Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa mtu wa kuchungulia. Miaka yote waliyoishi boma moja, kukinguruma kidogo tu kichwa chake kilitokea mlangoni: redio je? Umechomoa redio? Hata mwaka ule binti yao Winny alipokuwa akijiandaa kwenda Amerika, naye mama mkwe hawezi tena kuinuka, sauti ilitoka chini ya blanketi: redio je? Kisha akafa, na Chepngeno akajikuta anachomoa kwa bidii kumshinda yeye. Jina lake hakuwahi kulitaja. Katika nyumba ile mke hataji jina la mama mkwe, awe hai au awe kaburini, na sisi pia tuliache kwanza.

Sasa Jonah. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani na mikono isiyojua kutulia. Kitu kisichoharibika kilimkosesha usingizi. Mlango uliokuwa kimya aliutia mafuta mpaka ukaanza kulia. Winny, aliyekuwa Ohio na mumewe Weldon, mkimbiaji aliyepata nafasi ya kusoma huko, alimjua vizuri baba yake, na ndiyo maana akamtumia kompyuta kuukuu kupitia mgeni. Gichuki, mwenye duka la redio na televisheni mjini Sotik, akamtafutia modemu Nairobi, chombo kinachoshika laini ya simu ili kompyuta ipokee barua. Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa Biblia, chenye safu ya vijitaa vyekundu mbele. Waya wa simu ulitoka ukutani ukaingia kwenye kisanduku, na kutoka kwenye kisanduku waya mwingine ukaenda kwenye simu ya mezani. Jonah alipokiwasha kwa mara ya kwanza kililia kwa sauti ya kutisha, paka akahama nyumba, na barua ya Winny ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Jonah aliita majirani waje waone.

Mwaka huo wa tisini na tisa Winny alikuwa mjamzito, na hapo ndipo moyo wa Chepngeno ulipokuwa umening'inia.

Maana hii ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza iliharibika mwishoni kabisa. Mtoto alitoka amekufa, na Winny mwenyewe nusura afe. Chepngeno hakuambiwa. Weldon aliona aibu, akamwambia pasta kwanza, pasta akangoja siku nzuri ya kulisema, na wiki zile zote Chepngeno alikuwa anafuma soksi za mtoto na kusema, "Watoto wa siku hizi, hata salamu hawaleti." Kumbe kimya kile kilikuwa ndiyo habari yenyewe. Tangu hapo hakuamini tena kimya cha aina yoyote.

Imeli ya mwisho ya Winny ilisema hivi: madaktari wameamua kumpasua Jumanne. Akiamka tu, atapiga simu. "Na wewe Mama, uwe na majina tayari."

Majina ni jambo la Wakipsigis. Mtoto akizaliwa, wanawake wazima hukaa naye na kuwaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya, basi aliyetajwa ndiye aliyerudi, na jina ni la mtoto. Kazi hiyo ni ya upande wa baba, lakini mama yake Weldon alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo ikamwangukia Chepngeno, aifanye kwa simu kama anaweza. Jonah, mzee wa kanisa, alimsomea barua hiyo huku amekunja midomo.

"Mambo ya giza hayo, Mama Winny. Mtoto atabatizwa, ataitwa Joy, yatosha."

"Akiwa hai," alisema Chepngeno, "mwite hata Sufuria."

Basi Jumapili, baada ya kanisa, Jonah alitoa mfukoni diski aliyopewa na Gichuki. Gichuki alikuwa amemweleza kwamba ndani ya modemu mna programu yake yenyewe, akili yake, na kwamba kampuni imetoa akili mpya yenye kasi. Ukiiweka, picha ya mtoto itaingia bila kukatika katikati. Jonah alitaka awe tayari kwa picha. Alibonyeza hapa na pale, na kwenye kioo ukatokea mstari wa buluu unaojaa polepole, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo alimtafsiria mkewe kwa fahari: msizime umeme mpaka nimalize.

"Sawa," alisema Chepngeno, akaenda zake jikoni.

Mstari ulikuwa umepita nusu mbingu zilipolia upande wa Nyamira. Jonah alichungulia dirishani, akaona wingu jeusi limeshafika juu ya turubai lake la mahindi, na miguu ikamtoa nje kabla akili haijasema lolote. Miguu ya Chepngeno nayo ikamleta sebuleni. Redio, chomoa. Televisheni, chomoa. Ekstensheni ya kompyuta na kile kisanduku, chomoa. Kioo, leso. Alipomaliza alikaa kwenye kigoda chake, ameridhika.

Jonah aliingia amelowa, gunia la mahindi mgongoni, akasimama mbele ya kompyuta iliyozimika.

"Umefanya nini?"

"Nimechomoa."

"Umechomoa nini?"

"Kila kitu. Kwani leo ndio mara ya kwanza?"

Jonah aliachia gunia, mahindi yakamwagika sakafuni. "Mama Winny! Ile ilikuwa inabadilishwa akili! Ni kama kumtoa mtu hospitalini katikati ya kupasuliwa!"

Maskini, alikuwa anasema juu ya modemu. Lakini neno lilikwisha toka, na Chepngeno alilipokea kifuani kama jiwe. Aliinama akaanza kuokota mahindi, punje moja moja, mpaka mvua ikaisha.

Mvua ilipokwisha, Jonah alirudisha umeme. Kompyuta ikaamka salama, modemu haikuamka. Vijitaa vyote vilikuwa vimezimika ila kimoja, na hicho kiliwaka bila kupepesa, wala kompyuta haikukitambua kisanduku tena. Jonah akainua simu ya mezani ampigie Gichuki. Simu nayo kimya. Hakuna ule mlio wa kawaida, hakuna mkwaruzo, hakuna kitu.

"Radi imepiga laini," alisema. Na nani angebisha? Kila masika nusu ya simu za Chepilat hufa kwa radi. Jumatatu asubuhi akaandikisha lalamiko kwa watu wa simu mjini, wakamwambia watakuja kesho, na kila mtu anajua kesho yao.

Aliporudi, Jonah hakutoka tena ndani. Alizima modemu, akahesabu polepole, akaiwasha. Akabadilisha waya. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Akarudisha diski ya Gichuki, kompyuta ikamjibu kwamba hakuna modemu hapa, ya nini kunisumbua. Akasoma kijitabu kutoka mwanzo mpaka ukurasa wa Kijapani, akausoma na huo kwa macho. Chepngeno alipita sebuleni akienda bafuni, akapita akirudi, akapita tena bila sababu.

"Unakanyaga waya," alisema Jonah.

"Wewe umeukanyaga tangu jana, umefaidi nini?"

Jumanne ikafika, na hilo simu iliyokufa haikuweza kulizuia. Chepngeno alivaa nguo ya kanisani siku isiyo ya kanisa, wakashuka mpaka posta ya Sotik, Jonah akaomba simu ya Amerika. Wakapangiwa kibanda. Chepngeno aliweka sikio lake karibu na la mumewe, wakasikia kengele ikilia kule Ohio, mbali, ndani ya nyumba wasiyoijua. Ililia mpaka ikachoka. Walijaribu tena. Hakuna mtu.

"Wako hospitali," alisema Jonah. "Ndio maana yake. Watu wakiwa hospitali hawawezi kushika simu ya nyumbani."

"Hata safari ile walikuwa hospitali," alisema Chepngeno.

Walirudi kwa miguu, Jonah mbele, yeye nyuma, na njia nzima alikuwa akivunja vijiti vya ua wa watu bila kujijua.

Jumatano alikwenda shambani kuchuma chai, akifikiri kwamba mikono ikiwa na kazi kichwa kitakaa. Wapi! Mikono ilichuma, kichwa kikabaki Ohio. Alipopeleka gunia lake kituoni, Mellen, karani wa kupima, aliingiza mkono ndani akatoa fungu, akalitazama, akamtazama yeye. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi. Chepngeno alikuwa ameleta majani makavu ya chini, vijiti, hata majani ya mti mwingine kabisa.

"Mama Winny, hii ni chai ama ni boma la mbuzi?"

Wanawake walicheka. Siku nyingine angewajibu wakome. Siku hiyo aliketi juu ya gunia lake, akalia mbele ya watu, kwikwi za mtoto, na Mellen akaacha mizani akamshika bega bila kujua analilia nini. "Sijui kama mtoto wangu yuko hai," alisema Chepngeno. "Sijui, Mellen. Simu imekufa na sijui."

Alhamisi mtu wa simu alikuja kweli, Orina, na ngazi yake begani. Alipanda nguzo ya barabarani, akapima, akashuka akijikuna.

"Laini yenu ni nzima, mzee. Radi haijagusa. Lakini inaonyesha mmeinua simu."

"Nani ameinua simu?"

"Nyinyi. Huko ndani. Mkono wa simu hauko mahali pake. Mtu akiwapigia anaambiwa mnaongea."

Jonah alimshika mkono akamwingiza sebuleni, akamwonyesha: simu imekaa pale, mkono wake juu yake, imelala kama kuku anayeatamia. Orina akaikagua, akainua, akaweka. Ikabaki kimya. Akasema basi ni simu yenyewe imekufa, au panya wamekula waya mahali, wanunue nyingine. Jonah akaenda kwa Gichuki akanunua simu mpya, ya vibonyezo. Akaichomeka kwenye modemu pale pale ilipokuwa ya zamani. Kimya kile kile. Kisanduku cheusi kilikuwa kimekaa kati ya simu na ukuta, kijitaa kimoja kikiwaka, na hakuna aliyekishuku. Kilikuwa kimekwisha tangazwa maiti, na maiti atashika nini?

Maneno ya Orina hayakumtoka Chepngeno. Mtu akiwapigia anaambiwa mnaongea. Kwa hiyo huenda Winny alipiga! Huenda yu hai, amekaa kitandani, anapiga, anaambiwa wazazi wako wana maneno mengi leo. Au huenda ni Weldon aliyepiga, amebeba habari kama ile ya mimba ya kwanza, akasikia wanaongea, akashukuru Mungu kwa kuahirishiwa. Alizunguka nyumba akifikiri hivi, akafagia uwanja uliofagiwa, akakamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa, na ng'ombe akampiga teke. "Una haki," alimwambia ng'ombe.

Ijumaa Gichuki alikuja mwenyewe, kwa kuwa Jonah alikuwa amemchosha dukani. Alikiinamia kisanduku kwa muda mrefu.

"Mzee, hii ilikatwa katikati. Nusu ni akili ya zamani, nusu ni mpya, haijui ni nani. Ndugu yangu Gitonga ataniletea diski ingine kutoka Nairobi, tutajaribu kuiamsha. Lakini nakuomba jambo moja. Hiki kijitaa kikiwaka ina maana iko na uhai kidogo. Usiizime tena. Ukiizima, inaweza kukataa kabisa."

"Umesikia?" Jonah alimgeukia mkewe.

"Nimesikia."

"Hata kukinguruma."

Chepngeno akaitazama plagi ukutani. Jonah, aliyemjua, akaenda kuchukua tepu nyeusi ya mafundi, akaizungusha kwenye plagi na soketi, tena na tena, mpaka ukutani pakawa na kichuguu cheusi. Kisha akasimama mbele yake kama askari wa benki. Gichuki alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaaga.

Na umeme nao! Umeme wa Chepilat, ambao hukatika mtu akikohoa, wiki hiyo ulikaa kama mgeni asiyekumbuka kwao. Haukupepesa hata mara moja.

Jumamosi alasiri wingu lilipanda kutoka upande wa Nyamira mapema kuliko kawaida, jeusi la samawati, na upepo ukaleta harufu ya mvua ya mawe. Redio ilikuwa kwenye kona yake ikitoa salamu za wasikilizaji. Ngurumo ya kwanza ikapiga, Jonah akatoka mbio kwenye mahindi. Chepngeno akaingia mbio sebuleni. Akasimama.

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuanza na redio. Aliangalia kichuguu cha tepu. Kijitaa cha modemu kilikuwa kinamwangalia. Ngurumo ya pili ikatikisa mabati, na akahisi kile kichwa mlangoni, kile kilichomchungulia maisha yake yote, kikimwuliza. Mume anasema usiguse, mama mkwe anasema chomoa. Kwani huyu mume ni nani mbele ya mama yake mzazi?

"Potelea mbali," alisema Chepngeno. Wiki nzima ya hasira ikamshukia mikononi. Aliikwangua tepu kwa kucha, akaing'ata kwa meno, akaitema, akaishika plagi kwa mikono miwili na kuivuta kama anavyong'oa kisiki. Ikatoka. Kijitaa kikazimika.

Ndani ya kisanduku kitu kidogo kikalia, tik, kama mtu aliyefumbua kiganja, akaiachia laini ya simu.

Alibaki amesimama na plagi mkononi, akihema. Alikuwa ameua kile kilichobaki. Jonah atamwambia nini, na yeye atamjibu nini? Akawa anageuka kwenda kwenye redio.

Simu ikalia.

Ile mpya, ya vibonyezo, ambayo haikuwahi kulia tangu kununuliwa. Ililia mlio mrefu, ikapumzika, ikalia tena. Umeme wa radi ukamulika sebule yote ikawa nyeupe, na Chepngeno akaona mkono wake mwenyewe umenyooka kuelekea simu.

"Usishike!" Jonah alikuwa mlangoni, maji yanamtiririka, turubai begani. "Mama Winny, kunanguruma! Kumbuka Kemuma! Usishike!"

Aliishika.

"Mama?" Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya mbali, inayojirudia. "Mama, ni Weldon. Mama, jameni, mnaongea na nani? Tangu Jumanne napiga, kila saa mko bize! Nyinyi mnaongea na nani siku hizi zote?"

Chepngeno aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. "Sema," alisema. "Weldon, sema tu. Yuko hai?"

"Nani?"

"Sema!"

"Mama, wako hai wote. Winny alitoka damu nyingi, walimweka chumba cha peke yake, lakini ameamka. Yuko hapa. Msichana, Mama. Ni mkubwa, hasira ni zenu."

Chepngeno aliketi sakafuni na simu, na kilio kilichomtoka kilimfanya Jonah adondoshe turubai, akidhani ni kile cha msiba. "Wako hai, Baba Winny! Wako hai wote wawili! Msichana!" Jonah akafunika uso kwa mikono yake ya matope.

Kisha ikaja sauti ya Winny, nyembamba, imechoka. "Mama, kadi ya simu inaisha. Niko naye hapa kifuani. Siku zote hizi hana jina, nimekataa wamwandikie. Ita, Mama."

Ngurumo ilipita juu ya nyumba, na laini ikakwaruza. Chepngeno alijikausha macho kwa kiwiko. Akaanza kuita kwa Kipsigis, kwa sauti ile ya wanawake wazima, polepole, akimpa kila mfu nafasi ya kugeuka. Alimwita mama yake Weldon. Akangoja. Akawaita shangazi za Weldon, na nyanya yake aliyesifika kwa kucheza. Kimya, pumzi ya mtoto tu. Akahamia kwao Chepalungu, akamwita mama yake mwenyewe, akamwita dada aliyekufa akiwa msichana. Mtoto alipumua, akalia kidogo, akanyamaza.

"Mama, haraka," alisema Winny.

Majina yalikuwa yamekwisha. Yote isipokuwa moja, na hilo halikuwahi kupita kinywani mwake, wala hata sasa, na mbingu zikipasuka juu ya kichwa chake, ulimi wake haukukubali. Alimwinulia Jonah macho. Akamnyooshea simu.

Jonah mzee wa kanisa, Jonah wa mambo ya giza, alielewa kabla hajaambiwa. Alikuja akapiga magoti kando yake kwenye dimbwi la maji yake mwenyewe. Akaipokea simu.

"Tabutany," alisema.

Hakuna kitu.

Akapaza sauti, sauti ya mtoto anayemwita mama yake kutoka upande wa pili wa shamba. "Tabutany! Mama! Njoo!"

Na kule Ohio, kwenye kifua cha Winny, mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo, kavu, ya mtu aliyekerwa. Wakaisikia wote wawili, vichwa vimegusana. Wakamsikia Winny akicheka na kulia, na Weldon akipiga kelele nyuma yake. Kisha mwanga mweupe ukajaza dirisha, mshindo ukapiga papo hapo, Jonah akaitupa simu kama kaa la moto, na ilipotua ilikuwa imekufa, safari hii kwa radi ya kweli.

Walikaa sakafuni. Mvua ya mawe ilikuwa inayapiga mahindi yaliyobaki nje, na hakuna aliyeinuka.

"Umesikia?" alisema Jonah. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Mama Winny, umesikia? Ni yeye. Mama amekuja."

Chepngeno aligeuza kichwa. Kwenye kona, katikati ya ngurumo zote zile, redio ilikuwa bado inatoa salamu.

"Basi inuka," alisema, "uchomoe hiyo redio kabla hajaiona."